Kle ya wifi, minerval, na mashini ya kuchezea



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa chama chetu. Kijana wake wa miaka 16 amepata kompyuta ya mezani, ile ya kisanduku kikubwa, iliyofika hapa Kamina kwa treni kutoka Lubumbashi. Ilitumika zamani, lakini ndani yake mna karti nzuri ya picha, na michezo inaenda vizuri. Kitu kimoja tu kinakosekana: haina wifi. Kijana amemwambia mama yake kwamba mjini ameona adapta yenye antena nne, na kwamba bila hiyo mashini yake ni kipofu.

Zamu ya mama ya kupokea likelemba inaangukia mwisho wa mwezi huu. Lakini feza ile ile alikwisha kuipangia kazi: minerval ya binti yake anayesoma sekondari. Tena kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalomnyima usingizi. Kila magaribi kijana anaenda kwenye nyumba ya michezo mjini, anarudi usiku, na njia anayopita haina taa. Mama angependa acheze nyumbani, mahali anapomsikia. Anatuuliza: ninunue au nisinunue? Na kama nitanunua, ninunue ya namna gani?

Tulikaa na swali hili siku ya posho, pamoja na fundi mmoja kijana anayetengeneza kompyuta. Hatukupatana upesi. Mmoja wetu alisema michezo ni kula wakati bure na swali lenyewe lisiingie gazetini. Mwingine akamjibu kwamba mtoto anayecheza sebuleni ni heri kuliko mtoto asiyejulikana yuko wapi saa mbili ya usiku. Tuliacha mabishano hayo hapo, maana mama hakutuuliza kama michezo ni mizuri. Ameuliza juu ya feza yake.

Jambo la kwanza, wauzaji wengi hawalisemi: adapta haileti intaneti. Ni ndoo tu. Kama kisima kina maji kidogo, ukinunua ndoo kubwa yenye vipini vinne, maji hayaongezeki. Adapta inashika mawimbi ya wifi yaliyokwisha kuwa ndani ya nyumba na kuyaingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo, kabla ya kwenda magazini, jiulizeni: nyumbani mwetu intaneti inatoka wapi?

Katika nyumba nyingi za Kamina inatoka kwenye telefone ya mtu, kwa mega za Vodacom, Airtel au Orange. Nyumba chache zina modemu ndogo yenye karti ya SIM, ile inayokaa dirishani. Na tangu Starlink ipewe ruhusa na serikali mwaka 2025, kuna wanaoweka sahani ya satelite juu ya paa, kwa kawaida kwa kuchangia. Kila nyumba kati ya hizo ina jibu lake.

Lakini kwanza zungukeni nyuma ya kompyuta mutazame. Tunasema hivi juu ya jambo ambalo fundi alituambia akicheka: anaitiwa kompyuta "isiyo na wifi", na akitazama mgongo wake anakuta vijiti viwili vifupi vya rangi ya dhahabu vyenye nyuzi kama za skrubu. Mahali hapo ndipo antena zinapofungwa. Wifi iko ndani siku zote, antena ndizo zilizopotea njiani. Hapo unanunua antena mbili tu, vitu vya bei ndogo, na kazi imekwisha.

Kama vijiti hivyo haviko, jaribuni kable ya telefone, ile ile ya kuchajia. Sharti iwe kable nzima, maana kuna kable za bei ya chini zinazopitisha moto tu na hazipitishi habari. Unganisheni telefone ya Android na kompyuta, ingieni kwenye mipangilio ya telefone, tafuteni "Partage de connexion", kisha muwashe sehemu ya USB. Kompyuta itaiona telefone kama vile imechomekewa kable ya mtandao. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kama telefone yenyewe imeshika wifi ya modemu au ya jirani aliyekubali, telefone nyingi za Android zitaipitisha wifi hiyo kwenye kable. Ndiyo kusema telefone ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, inaweza kuwa adapta. Haikugharimu franka hata moja, haihitaji programu ya kuwekwa katika Windows za siku hizi, na inachajiwa wakati inafanya kazi.

Mama huyu akifanya hivyo leo jioni, atajua mambo mawili kabla ya kutoa feza yoyote: kama intaneti ya nyumba yake inatosha kwa mchezo ambao kijana anautaka, na mega zinaisha kwa mwendo gani. Ikiwa mchezo unakwamakwama hata kwa kable, basi hakuna adapta itakayouponya. Tatizo liko kisimani.

Kable ya telefone ina ubaya wake, na wamama munaujua kuliko vijana: telefone ina mwenyewe. Mama anaenda nayo sokoni asubuhi, wateja wanamwita, na Mobile Money iko humo. Haiwezi kufungwa kwenye kompyuta mchana mzima. Kama hakuna telefone ya zamani nyumbani, na modemu iko, hapo adapta inapata maana.

Sasa tuseme juu ya kuchagua. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kle ya wifi, inayochomekwa kwenye tundu la USB kama kle ya kuhifadhia picha. Ya pili ni karti ya ndani, ambayo fundi anaifunga juu ya bamba kubwa la kompyuta, antena zake zikitokea nyuma. Karti kwa kawaida ni imara zaidi, na nyingi zina Bluetooth pia, yenye kufaa kwa manete ya kuchezea yasiyo na waya. Lakini inataka kisanduku kifunguliwe, inataka nafasi iwe wazi ndani, na ile Bluetooth haitawaka kama fundi amesahau kable ndogo inayoenda kwenye bamba. Kle inaweza kuhamishwa kesho kwenye kompyuta nyingine, hata ile ya ofisi ya chama. Kwa nyumba ambayo haijui kama kompyuta hii ya zamani itafika mwaka kesho, sisi tunapendelea kle.

Kwenye kisanduku cha kle mutakuta herufi na namba: N150, AC600, AC1300, AX1800. Herufi zinaonyesha kizazi. N ni ya mwaka 2009, ndiyo wanayoiita pia Wi-Fi 4. AC ni Wi-Fi 5, iliyotoka miaka ya 2013 na 2014. AX ni Wi-Fi 6, iliyofuata. Namba ndiyo inayodanganya watu. AC600 haimaanishi kwamba utapata 600. Ni jumla ya njia mbili, 150 kwenye mawimbi ya 2,4 na 433 kwenye mawimbi ya 5, wakakaza hesabu juu kidogo. Kompyuta inapita njia moja tu kwa wakati mmoja. Tena hizo ni megabiti, si megabaiti: gawanya kwa 8. Tena ni kipimo cha hali nzuri kabisa, bila ukuta na bila jirani. Na zaidi ya yote, kama modemu yenu inaleta megabiti 10 kutoka kwenye mnara, ile 1800 ya kisanduku ni rangi tu. Antena nne za yule kijana ni za mtu mwenye sahani ya satelite na nyumba ya vyumba kumi.

Hata hivyo hatushauri kushuka mpaka N150. Ile inashika mawimbi ya 2,4 peke yake. Mawimbi hayo yanaenda mbali na kupenya kuta vizuri, na hilo ni jema katika nyumba zetu za matofali mazito. Lakini ni njia yenye watu wengi: modemu za majirani, Bluetooth, telefone zote zinazogawa koneksyo, wote wanasukumana humo, na nafasi zisizogongana ni tatu tu. Mawimbi ya 5 ni mapana na yana utulivu, ila ukuta wa pili tayari unayachosha. Kle yenye yote mawili inakupa nafasi ya kuchagua: modemu ikiwa chumba kile kile, chukua 5, ikiwa kuta mbili au tatu zinawatenga, rudi kwenye 2,4. Kwa hiyo AC600 au inayofanana nayo, yenye mawimbi yote mawili na antena moja ya nje, inatosha kwa mama yetu. Ile ndogo sana, inayolingana na ukucha, inapendeza kwa kompyuta ya kubeba. Kwa kompyuta ya mezani inachomekwa mgongoni, nyuma ya kisanduku cha chuma, chini ya meza, na chuma kinaifunika kama sufuria lililopinduliwa.

Dawa ya hapo ni ndogo sana na inasahauliwa sana: ralonji ya USB, mita moja au mbili. Inaitoa kle nyuma ya chuma na kuiweka juu ya meza au kuifunga ukutani. Fundi wetu anasema mara nyingi ralonji imefanya kazi ambayo mtu alitaka kuifanya kwa kununua kle ya pili. Na kuna sababu nyingine. Matundu ya USB 3, yale yenye ulimi wa buluu, yanatoa kelele inayosumbua mawimbi ya 2,4. Kampuni ya Intel yenyewe iliandika juu ya jambo hilo mwaka 2012. Diski ya nje ikifanya kazi kwenye tundu la buluu, kle iliyo kando yake inaweza kukatakata. Ralonji inazitenganisha.

Kuhusu mahali pa kuweka modemu, tunasema kwa kifupi: juu, wazi, si nyuma ya frigo, si ndani ya kabati ya vyombo. Na kama modemu ina tundu la kable ya mtandao, na kompyuta iko chumba kile kile, achaneni na adapta, nunueni kable. Kwa michezo hakuna wifi inayoishinda.

Jambo linalowatoa watu machozi ni programu ya kuendeshea kle. Windows 10 na 11 zinajua kle nyingi, lakini si zote. Kompyuta za zamani zinazofika huku mara nyingine zingali na Windows 7, na kle mpya za AX nyingi hazitaki kabisa kufanya kazi nayo. Ndani ya kisanduku wanaweka CD ndogo, na kompyuta haina mahali pa kuingiza CD. Kle inasema: nipakulie programu yangu kwenye intaneti. Kompyuta inasema: sina intaneti, ndiyo maana nimekununua. Hapo ndipo ile kable ya telefone inarudi kusaidia: unganisha telefone kwa dakika chache, chukua programu, kisha uchomoe. Kabla ya kununua, kijana aandike kwenye kompyuta neno "winver" na kusoma namba ya Windows inayotokea, aiandike kwenye karatasi, aende nayo. Na jueni pia kwamba Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, lakini kwa kompyuta inayoingia intaneti kila siku, hilo ni la kufikiria.

Tunaomba sana mambo yafanyike hivi: bebeni kompyuta mpaka kwa muuzaji, au muuzaji aijaribu kle kwenye mashini yake mbele yenu, ishike wifi ya telefone yenu, mukiona kwa macho. Ukiagiza kutoka Lubumbashi kwa mkono wa mtu, na kle ikafika imekufa, kuirudisha ni safari ya kilomita mia kadhaa kwa kitu cha dola chache. Hakuna atakayeirudisha. Heri kulipa kidogo zaidi hapa Kamina kwa muuzaji unayejua mahali anapolala.

Sasa mega. Hapa ndipo feza ya mama itakapopotea, si kwenye kle.

Kucheza mtandaoni kwenyewe kunakula kidogo. Michezo mingi inatumia chini ya mega 200 kwa saa moja. Kinachomeza ni kupakua mchezo na marekebisho yake: giga 10, giga 30, mingine zaidi ya giga 60 kwa mchezo mmoja. Na Windows nayo inajipakulia yake kimya kimya usiku. Mama ananunua forfe asubuhi, jioni imekwisha, anamgombeza kijana, na kijana anaapa kwamba hakucheza. Anasema kweli! Mashini ndiyo iliyokula.

Basi siku ile ile kle inapofungwa, ingieni kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "Réseau et Internet", chagueni wifi yenu, muwashe "Connexion limitée". Windows itapunguza sana kujipakulia. Katika Steam na programu nyingine za michezo, kijana azime kujirekebisha kwenyewe. Michezo mikubwa aichukue kwa rafiki kwenye diski ya nje, kama wanavyofanya vijana wengi, kisha atumie intaneti kwa kucheza tu. Na neno la siri la wifi lisiwe jina la mtoto. Watoto wa jirani wanalipata kwa siku moja.

Tuseme pia ukweli ambao kijana hataupenda. Mashini za mbali zinazoendesha michezo hii ziko Ulaya, na chache ziko Johannesburg. Kila anapobonyeza, habari inatoka Kamina, inaenda huko, inarudi. Muda huo vijana wanauita pingi, na hakuna antena inayofupisha dunia. Kle nzuri inafanya tu kwamba hatua ya kwanza, toka mezani mpaka modemu, isitetemeke. Mpira wa FC au eFootball dhidi ya mtu wa mbali utakuwa na siku njema na siku mbaya. Lakini mpira wa watu wawili kwenye kompyuta moja, manete mawili, hauhitaji mega wala pingi, na ndugu zake wanaweza kuingia.

Juu ya moto wa SNEL hatutasema mengi, munaujua. Ila ukikatika, modemu isiyo na betri inazimika pamoja na kompyuta, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuua vyote viwili. Kama kuna feza ya kubaki, stabilizatere inakuja kabla ya antena nne.

Sasa jibu letu kwako, mama. Minerval ya binti ilipwe kwanza, yote, siku ile unapopokea likelemba, kabla feza haijalala nyumbani. Juma hili, jioni mbili au tatu, kijana ajaribu kwa kable na telefone yako baada ya wewe kurudi sokoni. Hilo peke yake litamshika nyumbani jioni hizo, na utaona kama yuko tayari kubaki. Ikienda vizuri, na modemu yako inatosha, kinachobaki kwenye likelemba kitanunua kle ya AC600 yenye antena moja, na ralonji ya USB. Antena nne aziache dukani. Feza anayoilipa kwenye nyumba ya michezo kwa juma, aiweke mkononi mwako kwa kununulia mega, ili naye ajue bei ya kitu anachokipenda.

Na sharti moja tunaliweka sisi, hata kama hukutuuliza. Kompyuta ikishaingia intaneti, binti naye ana saa zake. Si saa za kubaki, kijana akichoka. Saa zilizoandikwa ukutani. Yeye ndiye atakayefanya Examen d'État siku zinazokuja, na masomo mengi na maulizo ya miaka iliyopita yanapatikana humo, kwa mega chache kuliko mechi moja. Na kama naye anataka kucheza, acheze.

Yule mwenzetu aliyetaka swali hili lisiingie gazetini ameomba tuandike kwamba hajabadilisha mawazo. Tumeandika.

Mwenye telefone ya zamani ya Android isiyotumika, na anayeweza kumwazima mama huyu kwa mwezi mmoja, amwone katibu siku ya posho baada ya mkutano. Fundi atakuwepo pia mpaka saa kumi. Anayetaka kuonyeshwa namna ya kuwasha "Partage de connexion" aje na kable yake. Juma lijalo tutajibu mama wa Sobongo aliyeuliza juu ya betri ya sola inayovimba.